Vuli ya Susuni kwenye karatasi ya manila

Mwishoni mwa Septemba, kabla mvua hazijashika, mihogo ya kwetu Susuni, wilayani Tarime mkoani Mara, hudondosha majani yake ya chini. Jani hubadilika taratibu. Huanza kuwa la njano, kisha rangi ya kutu huingia kwenye kingo, na siku ya mwisho kikonyo huachia chenyewe. Watoto huyakanyaga wakienda shule, kuku huyaparua. Hakuna anayeyaokota, maana jani lililofikia hapo halifai hata kwa kisamvu.

Mimi huyaokota. Huyachagua yale ambayo hayajajikunja, nikayalaza katikati ya kurasa za kitabu kizito, nikaweka tofali juu yake na kuyaacha kama wiki mbili. Yakitoka humo yamekauka yakiwa bapa, tayari kwa kazi ninayotaka kuieleza leo: kadi za salamu za kutengeneza kwa mkono, zenye wino wa rangi zinazoingiana kama mandhari nyuma ya picha.

Jani la muhogo limefunguka kama kiganja, mara nyingi lina vidole vitano au saba. Lilaze juu ya karatasi nyeupe ya manila, ulishikilie kwa vidole viwili. Chukua kipande cha sponji chenye wino, ukizungushe polepole kuanzia juu ya jani kwenda nje. Ukiliinua jani, utakuta kiganja cheupe kimekaa katikati ya rangi, na kila kidole kimechongwa sawasawa kuliko ambavyo ungeweza kukichora. Kunja karatasi, andika maneno yako ndani. Kadi imekamilika, na aliyekusaidia kuichora ni mti wa shambani kwako.

Vuli ipi?

Kuanzia Septemba hadi Novemba, wapenzi wa kazi za mikono katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini hutengeneza kadi za msimu wao. Kwanza hupaka wino wa rangi tatu au nne zinazoingiana bila mpaka kuonekana: njano inapotelea kwenye chungwa, chungwa kwenye nyekundu, nyekundu inaishia kwenye kahawia. Kisha juu yake hugonga muhuri wa jani la maple, lile ambalo limekuwa kwenye bendera ya Kanada tangu 1965. Rangi hizo zina sababu yake. Siku zinapofupika na baridi kuingia, mti huacha kutengeneza klorofili, kile kinacholipa jani ukijani wake. Njano iliyokuwamo ndani ya jani muda wote, imefunikwa tu, hujitokeza. Nyekundu yenyewe hutengenezwa siku hizo za mwisho, kutokana na sukari inayobaki ndani ya jani.

Watangazaji wa redio huuita msimu huo mapukutiko. Vitabu vingine huuita vuli, na hapo ndipo mtoto wa Tarime anapochanganyikiwa. Vuli anayoijua yeye ni mvua. Mara ni miongoni mwa mikoa inayopata misimu miwili ya mvua kwa mwaka: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwetu majani hupukutika kabla ya vuli, wakati wa jua kali na vumbi. Vuli ikifika, kilichokuwa kimelala huamka. Maharage huchipua, nyasi hurudi, na ikikaribia Desemba ule mti tunaouita mkrismasi, ambao asili yake ni Madagaska, huwaka maua mekundu hadi unashindwa kuona matawi.

Kwa hiyo mtu wa Susuni akitengeneza kadi ya vuli kwa kunakili jani la maple, atakuwa ametuma habari za kwa watu. Rangi zetu zina mpangilio wake. Chini kabisa kuna kutu ya udongo mkavu na jani la muhogo. Katikati kuna njano inayoelekea kwenye ukijani wa mmea mchanga. Juu kuna zambarau na bluu nzito ya wingu la alasiri, lile linalowafanya watu waanue nguo na mihogo iliyoanikwa. Mpangilio huo ndio msimu wenyewe, kutoka ukame hadi mvua. Yeyote aliyekulia katika nyanda hizi ataitambua kadi hiyo kabla hajaifungua.

Kadi zinazoingia nyumbani

Tuangalie kadi zinazofika kwenye nyumba zetu. Iliyo ya kawaida kuliko zote siku hizi ni kadi ya mchango wa harusi: jina lako limeandikwa kwa kalamu kwenye nafasi ya nukta, na chini kuna namba ya simu ya kutumia fedha. Siilaumu, maana harusi zetu ni za jamii na mchango ni heshima. Lakini kuna nyumba ambazo hiyo ndiyo kadi pekee iliyoingia kwa miaka kumi. Mwenye nyumba amezoea kuiona kadi mlangoni na kuuliza ni kiasi gani.

Kadi ya kumsalimu mtu bila kumdai chochote imehamia kwenye simu. Sikukuu ikifika tunapokea picha ileile ya mshumaa na maua, imetumwa kwa watu mia mbili kwa mara moja, na tunaijibu kwa kuisambaza kwa wengine. Simu ikijaa inafutwa. Simu ikiharibika, imekwenda nayo.

Mama yangu alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na Biblia, na ndani ya Biblia kulikuwa na kadi ya Krismasi aliyotumiwa na kaka yake wakati mjomba huyo akifanya kazi Mwanza. Haikuwa nzuri. Kingo zake zilikuwa zimeliwa na mende, na ua lililochorwa kwa kalamu za rangi lilikuwa limefifia. Mjomba alipofariki, ile kadi ndiyo iliyotolewa sandukuni ikapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akaisoma kimya na kumpa aliyekaa jirani yake. Mwandiko wa marehemu ulikuwa umebaki mle ndani. Tangu siku hiyo sijawahi kuiona kadi kama kitu cha watoto.

Kadi ya sikukuu ya kuuzwa dukani ina historia ya haraka haraka. Mwaka 1843 huko London, Henry Cole alikuwa na barua nyingi kuliko alizoweza kuzijibu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley achore picha moja ichapwe kwa wingi. Kadi ilikuja kuokoa muda wa mwandishi. Kadi ninayoisema mimi inakula muda, na anayeipokea anauona muda huo kwenye karatasi.

Mezani

Nilijifunza kazi hii kwa kuharibu. Kadi yangu ya kwanza niliitengeneza kwa karatasi ya daftari. Nilipoizungusha sponji mara tatu karatasi ikachubuka, ikatoa vinyweleo, na wino ukatokea upande wa pili. Tafuta manila, ileile wanayotumia walimu kwa zana za kufundishia. Manila ya ukubwa wa A4 ukiikata katikati na kukunja kila nusu, unapata kadi mbili zenye upana wa milimita 105 na urefu wa 148. Kunja kwa kufuata rula, kisha pitisha mgongo wa kijiko kwenye mkunjo ili ulale.

Wino ni ule wa mihuri unaouzwa kwa vichupa kwenye maduka ya vifaa vya shule na ofisi. Huwa kuna bluu, nyekundu, nyeusi, zambarau na, ukibahatika, kijani. Matone mawili matatu kwenye kifuniko cha plastiki yanatosha, kwa sababu wino huo ni mzito na unakauka polepole. Nimeshaharibu kadi nzuri kwa kuipangusa na kiganja baada ya nusu saa, nikidhani imekauka. Iache ilale usiku mzima mahali pasipo na vumbi.

Sponji ni ya godoro. Kila mji una godoro lililochoka. Kata vipande vyenye ukubwa wa kiberiti, kimoja kwa kila rangi, ukivute kwa nyuma na kukifunga kwa uzi ili mbele pawe na duara laini kama kichwa cha uyoga. Sponji yenye kona huacha michirizi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukiichovya sponji, usiipeleke moja kwa moja kwenye kadi. Igonge kwanza kwenye karatasi chakavu hadi iache alama hafifu. Kisha anzia nje ya kadi, kwenye karatasi chakavu iliyo chini yake, ukiizungusha kwa miduara midogo na kuingia ndani ya kadi huku mkono ukiwa mwepesi. Rangi nyepesi hutangulia. Paka njano (nitaeleza hapo chini inakotoka) eneo kubwa kuliko unalolihitaji, kisha rangi inayofuata iipande njano kwa upana wa vidole viwili, na mahali zilipopandana rudi tena na sponji ya njano upalainishe. Wino hauingiani kwa kusukumwa kwa nguvu. Unaingiana kwa kupitiwa mara nyingi, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba.

Zipo rangi zisizopatana. Nyekundu ikikutana na kijani, au chungwa na bluu, unapata tope. Ndiyo maana katika mpangilio wa vuli yetu njano hukaa katikati. Inaishika kutu kwa mkono mmoja na kijani kwa mkono wa pili bila kuziacha zigombane. Kati ya kijani na wingu acha ukanda mwembamba mweupe. Ukiutazama kwa mbali utauona kama ule mwanga unaobaki chini ya wingu kabla mvua haijafika.

Mvua yenyewe huja mwishoni. Rangi ikiwa bado mbichi, chovya vidole kwenye maji safi uyarushe juu ya wingu, hesabu hadi ishirini, halafu gandamiza tishu kavu bila kuiburuta. Kila tone litaacha doa jepesi. Mtoto akiliona hilo mara ya kwanza hataki tena kuondoka mezani.

Rangi ya jikoni

Vichupa vya wino wa mihuri havina njano wala kutu, ambazo ndizo roho ya kadi hii. Zote mbili ziko jikoni.

Chukua kijiko kimoja cha binzari ya manjano, ukitie kwenye kikombe kidogo cha spiriti kutoka duka la dawa, mbali kabisa na moto. Iache itulie, chuja kwa kitambaa. Umepata njano kali ambayo sponji inaipenda. Ipake kwenye manila uiache ikauke. Sasa yeyusha magadi kidogo, yale ya kuivishia maharage, kwenye maji, ukaguse ile njano kwa sponji nyingine. Papo hapo itageuka kutu, nyekundu ya udongo wa Tarime baada ya kulimwa. Ukiwa huna magadi, maji ya majivu ya kuni yaliyochujwa yanafanya kazi hiyohiyo.

Si uchawi. Binzari ina kemikali iitwayo kurkumini, ambayo ni ya njano ikiwa kwenye asidi na hugeuka nyekundu ya kahawia ikikutana na magadi. Mwalimu wa kemia anaweza kuitumia kama kiashiria cha asidi na besi darasani. Na kwa kuwa ndimu ni asidi, unaweza kuurudisha nyuma mchezo wote: dondosha matone ya ndimu juu ya ile kutu, na kila tone litafumbua doa la njano. Hivyo ndivyo ninavyotengeneza majani yaliyotawanyika chini bila kuchora hata moja.

Kahawa hutoa kahawia, na Tarime ni moja ya wilaya zinazolima arabika. Ichemshe hadi iwe nzito, uipake kwenye kingo za kadi ili macho ya msomaji yaelekee katikati. Mkaa uliosagwa laini, ukipakwa kwa ncha ya kidole, unalitia wingu uzito.

Lazima niseme pia udhaifu wake. Binzari haivumilii jua. Kadi ikibandikwa ukutani karibu na dirisha itafifia baada ya muda, hivyo mwambie unayemtumia aihifadhi ndani ya bahasha au kitabu. Kahawa hudumu zaidi.

Waliotangulia

Tanzania ina mfano mkubwa wa kazi kama hii, nao uko Iringa. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, Susie Hart alianzisha karakana ya Neema Crafts akiwa na vijana watatu viziwi. Walianza na karatasi za kutengeneza kwa mkono, zikiwamo zilizotokana na kinyesi cha tembo, ambacho kimejaa nyuzi za majani na magome ambayo tumbo la mnyama halikuzimaliza. Kinyesi kinaoshwa, kinachemshwa, kinapondwa, kinatandazwa kwenye wavu na kukaushwa. Kutokana na karatasi hizo wakatengeneza kadi. Kazi ile imekua, ikaingiza ufumaji na ufundi mwingine, na kuwa ajira kwa watu wenye ulemavu ambao awali hawakutarajiwa kuajiriwa na mtu yeyote. Kila ninapoambiwa kuwa kadi ni mchezo usio na tija, huwa naitaja Iringa.

Jirani zaidi na sisi, Kisumu, kuna mafundi waliogeuza gugu maji la Ziwa Victoria kuwa karatasi na kadi, gugu lilelile lililowafungia wavuvi njia miaka ya tisini. Na Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakungoja turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli.

Lakini hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya mtoto wa kijijini. Jitka Samkova alikuwa na miaka 7, huko Czechoslovakia iliyokuwa imechakazwa na Vita vya Pili vya Dunia, kijiji chake kikipata msaada wa UNICEF. Alitaka kushukuru. Karatasi hakuwa nayo, akachora juu ya kioo: watoto wakicheza kwa furaha kuzunguka mlingoti. Mwalimu wake aliituma picha hiyo, na mwaka 1949 ikawa kadi ya kwanza kabisa ya UNICEF. Kadi za shirika hilo zimechangisha fedha kwa ajili ya watoto wa dunia kwa miongo mingi baada ya hapo. Chanzo chake ni mtoto aliyekosa karatasi na mwalimu ambaye hakuipuuza picha yake.

Mahafali na mtihani

Kwetu msimu wa kadi umeshapangwa na kalenda ya shule. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba. Kabla ya hapo kuna mahafali: wazazi wamevaa vizuri, wahitimu wamevishwa mataji ya karatasi zinazong'aa, na nje ya geti kuna wachuuzi wa maua ya plastiki na kadi zilizochapwa kwa maelfu, zote zikiwa na maneno yaleyale. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Isebania, hali ni hiyohiyo. Ila mwaka 2016 serikali ya Kenya ilizuia maombi na matembezi ya shuleni katika muhula wa tatu ili kudhibiti udanganyifu wa mitihani, na wauza kadi wakaumia. Mwenye mtoto anayesoma huko aulize utaratibu wa shule kwanza.

Kijana anayekwenda kwenye chumba cha mtihani akitokea Susuni amebeba mengi. Amebeba ada iliyotokana na ng'ombe aliyeuzwa, amebeba wadogo zake wanaomtazama. Kadi ya dukani inamwambia "kila la heri", basi. Kadi ambayo mama yake ameipaka binzari na magadi, ikiwa na jani la muhogo wa shamba lao, inamwambia kuwa kuna mtu aliyekaa kitako saa nzima akimfikiria yeye peke yake. Ndani usiandike mengi. "Mwanangu, umesoma. Tuko nyuma yako." Weka jina lako na tarehe, kwa sababu miaka thelathini ijayo atataka kujua ilikuwa lini.

Nasema mama, lakini baba naye ana mikono. Wanaume wengi wa kwetu wanaona haya kuandika neno laini, na wanakufa wakiwa hawajaliandika. Kama maneno yanakukwama, weka jani na rangi, andika jina la mwanao juu na lako chini. Ataelewa.

Walimu wa shule za msingi nawaomba zaidi. Kipindi kimoja cha sanaa, manila chache na godoro moja lililochoka vinaweza kuwafanya wanafunzi wa darasa zima watengeneze kadi kwa ajili ya wenzao wanaohitimu. Mkichanganya binzari na magadi mtakuwa mmefundisha sayansi humohumo. Zile zitakazobaki, wakubwa wanaweza kuziuza siku ya mahafali, fedha zikanunua manila nyingine.

Majani yanahitaji kama wiki mbili kukauka, wino unahitaji usiku mmoja. Mihogo hupukutisha mwishoni mwa Septemba, na mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Anayetaka kadi yake iwahi aanze kuokota majani mara yanapodondoka, kabla mvua ya kwanza haijayaozesha.